Mkasi Wenye Magurudumu: Namna ya Kukata Majani ya Nyumbani kwa Mashine ya Kusukuma

Mashine yangu ya kwanza ya kusukuma niliinunua mtumba, na kwa miezi mitatu niliamini nimeuziwa chuma chakavu. Nikisukuma, majani yanalala. Nikishapita, yanainuka taratibu: machache yamekatika, mengine yamechanika ncha, mengi yako vilevile. Nikasema ukoka wangu ndio sugu, nikaongeza nguvu. Kufikia mstari wa sita shati lilikuwa limelowa, na kijana wa jirani aliyekuja na fyekeo lake alikuwa ameshamaliza kwao, amekaa juu ya ukuta ananitazama kwa huruma.

Aliyeniokoa ni fundi baiskeli. Nilimpelekea mashine kwa sababu ya gurudumu lililokuwa linacheza. Akaipindua juu chini, akazungusha gurudumu, akasikiliza. Kisha akachana ukanda wa gazeti la jana akauingiza kati ya visu. Gazeti likakunjwa, likatokea upande wa pili bila hata alama. "Mkasi wako haukati karatasi, utakata majani?" Akakaza skrubu mbili, haikufika hata robo mzunguko, akaingiza gazeti tena. Safari hii likakatika kwa mlio mwembamba, tss. Hakunidai hela ya kunoa, maana hakunoa chochote.

Neno lake lile, mkasi, ndilo ningependa ulishike. Karibu kila kosa utakalofanya na mashine hii litatokana na kuitumia kama panga.

KWA NINI MKASI

Fyekeo, panga, hata ile mashine ya petroli, vyote hukata kwa kupiga. Kisu kinakwenda kasi na jani linakatika kwa kukosa muda wa kuinama. Kisu cha mashine ya petroli huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Kikiwa butu bado kitakata, ila kwa kurarua, na baada ya siku mbili utaona ncha za majani zimekuwa rangi ya makuti.

Mashine ya kusukuma haina kasi hiyo. Kasi yake ni ya miguu yako. Ndani yake kuna ngoma yenye visu, mara nyingi vitano hadi saba, vilivyopindishwa kama msokoto wa kamba. Chini ya ngoma kuna kisu kimoja kilichonyooka, ambacho hakitembei. Ukisukuma, magurudumu yanazungusha ngoma kwa meno ya gia. Kila kisu cha ngoma kinalikumba jani na kulipeleka kwenye kisu cha chini, na hapo linakatwa kati ya kingo mbili kama kitambaa mkononi mwa fundi cherehani.

Mfano wa kitambaa sikuubuni mimi. Edwin Beard Budding, fundi mitambo wa eneo la Stroud huko Uingereza, aliyepewa hataza ya mashine hii mwaka 1830, aliuchukua ufundi wenyewe kwenye viwanda vya sufu vya kwao. Kule ngoma ya visu ilikuwa inanyoa manyoya yaliyochomoza kwenye kitambaa ili kibaki laini. Akaona kinachonyoa kitambaa kitanyoa na uwanja. Chuma kimepungua uzito tangu siku hizo, lakini umbo ni lilelile.

Ukishaielewa hivyo, mambo matatu yanafuata yenyewe. Visu lazima vipishane kwa karibu sana, la sivyo hakuna mkato. Majani lazima yawe mafupi kiasi cha kusimama mbele ya ngoma, kwa sababu yakizidi mashine inayalaza kabla ya kuyafikia. Na kitu chochote kigumu kikiingia kati ya kingo, kinachoumia ni mkasi.

INAKUFAA AU HAIKUFAI?

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mashine hii si ya kila uwanja. Piga hesabu kidogo. Mashine yenye upana wa sm 35, ukipandisha kila mstari juu ya uliotangulia kwa sm 7, inakupa sm 28 za kazi kila upitapo. Uwanja wa mita 200 za mraba ni kama mita 700 za kusukuma, nusu saa pamoja na kugeuza na kufuta jasho. Ekari moja ni zaidi ya kilomita 14. Hiyo achia trekta.

Inakufaa kama uwanja wako ni wa wastani na umesawazishwa, kama uko tayari kukata mara kwa mara, na kama hupendi kelele wala foleni ya kununua mafuta. Unaweza kukata saa tatu asubuhi mtoto mchanga amelala chumba cha mbele asishtuke.

Haikufai ikiwa uwanja una mashimo, mizizi iliyotokeza na vichuguu, au kama kawaida yako ni kusubiri majani yafike magotini ndipo umwite mtu. Haikufai pia kwa kiwanja kilichojaa magugu yenye shina gumu. Nyasi mashine inazipenda, vijiti haivitaki.

Ukinunua mtumba, usidanganywe na kutu ya juujuu, hiyo inasuguliwa. Angalia haya:

☐ Shika ngoma kwa glavu uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha.
☐ Tazama kama fremu za chuma cha kusubu zina ufa. Chuma cha kusubu hakikubali kuchomelewa kirahisi.
☐ Visu vyote vya ngoma vimebaki na upana unaolingana kutoka upande mmoja hadi mwingine?
☐ Ukiivuta nyuma, magurudumu yanatoa mlio wa tik-tik-tik kama freewili ya baiskeli? Kimya maana yake kidole, kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika gia ndani ya gurudumu, kimevunjika au kimegandishwa na grisi kuukuu.
☐ Skrubu za kurekebisha kisu cha chini zinazunguka, au zimeshikana na kutu?

USAFI WA UWANJA KABLA YA MASHINE

Nyumba zetu nyingi mpya zina uwanja ambao jana ulikuwa eneo la ujenzi. Chini ya ukoka mzuri kuna misumari, kokoto, vipande vya waya wa kufungia nondo, na vizibo vya soda vya mafundi. Ya petroli ingevirusha vitu hivyo hadi dirishani. Hii yako itaviuma na kung'oka jino.

Mimi hutumia sumaku ya spika iliyokufa. Ninaifunga kamba na kuiburuza uwanjani kama mtoto anayeburuza gari la kopo. Mara ya kwanza nilijaza kiganja kizima cha misumari kutoka kwenye eneo nililokuwa nikilikanyaga kila siku.

Orodha ya kupitia kila mara, hata kama ulikata juzi:

☐ Mawe, kokoto, mifupa ya mbwa, vizibo, midoli
☐ Vijiti vyenye unene wa penseli au zaidi
☐ Mpira wa maji umekunjwa na kuwekwa kando
☐ Kamba ya nguo haining'inii
☐ Kinyesi cha wanyama (utanishukuru)
☐ Umande umekauka

Hilo la umande watu hulidharau. Majani yenye maji yanajishikiza kwenye ngoma, na magurudumu yakiteleza hayazungushi kitu: unaburuza chuma tu. Subiri hadi saa tatu au saa nne asubuhi, au kata saa kumi na moja jioni jua likishapoa. Baada ya mvua, kanyaga ardhi. Kama kisigino kinaacha shimo, rudi ndani ukanywe chai.

JARIBIO LA GAZETI

Fanya hivi kabla ya kukata mara ya kwanza, kisha kila baada ya wiki chache. Ni dakika tano.

1. Vaa glavu nene. Pindua mashine juu chini kwenye meza au kwenye kreti, mpini ukielekea upande usiokusumbua.
2. Chana gazeti vipande vya upana wa vidole viwili.
3. Ingiza ncha ya ukanda kati ya kisu cha ngoma na kisu cha chini. Shika mwisho wa mbali wa ukanda, vidole visikaribie.
4. Kwa mkono mwingine zungusha gurudumu polepole kuelekea mbele. Usiisukume ngoma yenyewe kwa mkono.
5. Jaribu kushoto, katikati na kulia, kwa kila kisu.

Gazeti likikatika safi kila mahali, achana na skrubu. Likikunjwa upande mmoja, upande huo umeachana. Likikunjwa kote, kisu chote cha chini kiko mbali. Likikatika huku na kukataa kule bila mpangilio, basi kweli visu vimeliwa na vinahitaji kunolewa.

Kurekebisha kuna siri moja. Mashine nyingi zina skrubu mbili kila upande zinazoshindana: moja husogeza kisu karibu na ngoma, nyingine hukirudisha. Huwezi kukaza moja kabla ya kulegeza mwenzake. Legeza kidogo, kaza kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja, kisha rudia gazeti. Baadhi ya mashine mpya zimeundwa visu visigusane kabisa, vikiacha mwanya mwembamba kuliko karatasi. Hizo zitaendelea kukata muda mrefu bila kunolewa, na jaribio ni hilohilo.

Kosa la kawaida hapa ni kukaza mno. Ngoma ikizunguka kwa kukwaruza na ukiisukuma unahisi umekanyaga breki, visu vinalana. Unachotaka kusikia ni mnong'ono wa chuma kwa chuma, sauti ya mkasi wa kinyozi hewani kabla hajagusa nywele.

UREFU: HAPA NDIPO UWANJA HUPONA AU HUFA

Jani ndilo jiko la mmea. Ukiliondoa lote, mmea unaacha kulisha mizizi na kutumia akiba yake kuotesha jani jipya. Huku nyuma jua linapiga udongo moja kwa moja, unyevu unakauka, na mbegu za magugu zilizokuwa zimelala gizani zinapata mwanga. Ndiyo maana ule uwanja unaonyolewa kipara "ili ukae muda mrefu kabla ya kukatwa tena" hugeuka kuwa magugu na vumbi ndani ya misimu miwili.

Kanuni ni moja: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkato mmoja. Ukitaka majani yabaki sm 4, yakate yakifika sm 6.

Urefu wenyewe unategemea ulichopanda:

- Ukoka mwembamba, wa aina ya viwanja vya mpira: sm 2 hadi 4.
- Kikuyu, ule unaotambaa kwa nguvu na wenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki: sm 3 hadi 5. Huu ni mtihani kwa mashine nyepesi. Ukiuacha, unajijengea godoro la vikonyo, na magurudumu yanaelea juu yake.
- Majani mapana, yale wanayoyaita Pemba kwenye vitalu vingi vya pwani: sm 4 hadi 6.
- Chini ya mwembe au kwenye kivuli chochote, na wakati wa kiangazi: ongeza sm 1.

Usiziamini namba zilizochorwa kwenye mashine. Iweke kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka na upime kwa rula kutoka sakafuni hadi kwenye ukingo wa kisu cha chini. Huo ndio urefu wa kweli. Kisha hakikisha pande zote mbili ziko kwenye tundu linalolingana. Nimewahi kukata uwanja mzima upande mmoja ukiwa juu kwa tundu moja, na wageni wa Jumapili wakaniuliza kama nimepanda mazao kwa matuta.

Kuhusu mara ngapi: fuata majani, usifuate kalenda. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, siku nne au tano zinatosha kuyafikisha mahali pa kukatwa. Vuli hivyohivyo, kwa kiasi pungufu. Kiangazi yanaweza kukaa wiki tatu bila kusogea, na hapo kuyakata ni kuyaonea.

NAMNA YA KUSUKUMA

1. Rekebisha mpini ufike kati ya kiuno na kitovu. Mpini mfupi unakukunja mgongo, mrefu unainua mashine mbele.

2. Vaa viatu vilivyofunikwa. Kandambili ni za bafuni.

3. Anza kwa kupita mara mbili kuzunguka mzingo wa uwanja. Hiyo inakupa mahali pa kugeuzia bila kukanyaga maua.

4. Simama nyuma ya mashine, viwiko vimepinda kidogo, mgongo umenyooka. Sukuma kwa uzito wa mwili unaotembea, wala si kwa mikono. Mikono inaongoza tu.

5. Tembea kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala ambayo bado iko mbali: haraka kidogo, bila kukimbia, na bila kubadili kasi. Ukipunguza mwendo, ngoma nayo inapunguza, na kila kisu kinajikuta kimebeba majani mengi kuliko kiwezavyo.

6. Rudi kwa mstari wa pili ukipanda juu ya wa kwanza kwa sm 5 hadi 8. Sababu ni magurudumu. Yako nje ya ngoma, kwa hiyo yanalaza majani ambayo bado hayajakatwa. Panga gurudumu la ndani lipite kwenye sehemu uliyokwisha kata.

7. Kwenye kona na kuzunguka miti, tumia miguso mifupi ya mbele na nyuma, kama unavyosukuma brashi sakafuni. Ukivuta nyuma ngoma haikati, inapumzika, huku kidole cha gurudumu kikilia tik-tik.

8. Kwenye mteremko kata kwa kukingama, si juu-chini. Ukiteleza ukiwa unashuka, mashine iko mbele yako. Ukiteleza unapanda, inakurudia.

9. Wiki ijayo badili mwelekeo: kama leo ulikata kutoka geti hadi baraza, safari hiyo kata kutoka ukuta hadi ukuta. Ukirudia njia ileile, majani yanazoea kulala upande mmoja na uwanja unaanza kufanya mawimbi.

Kando ya kuta na tofali za bustani utabakiwa na ukanda usiokatwa, upana wa gurudumu. Huo ni wa mkasi wa bustani. Wapo wanaotumia fyekeo hapo na kuishia kupasua plasta, mimi nikiwa mmoja wao zamani.

Vipande vilivyokatwa viache palepale. Ukikata theluthi tu, ni vifupi kiasi cha kuzama kati ya majani, vinaoza upesi na kuirudishia ardhi naitrojeni yake. Kusanya ikiwa tu vimetengeneza mabunda, kwa sababu bunda linaua kilicho chini yake. Kama unawapa mbuzi, hakikisha uwanja haukupigwa dawa.

ONYO KUHUSU VIDOLE

Haina injini, kwa hiyo watu huidharau. Tatizo ni kwamba visu vyote vya ngoma vimeungana. Ukikisukuma kimoja kwa kidole, wakati huohuo kingine usichokitazama kinapita kwenye kisu cha chini, na kama kidole cha mkono mwingine kiko hapo, kimekwisha.

Hatari zaidi ni ngoma iliyokwama. Kijiti kimenasa, wewe bado umeegemea mpini, gia zimekazana. Ukikichomoa kijiti kwa mkono, ngoma inaruka robo mzunguko ghafla. Kwa hiyo:

- Rudisha mashine nyuma kwanza, ilegeze.
- Ondoa kilichonasa kwa kijiti kingine au mpini wa bisibisi. Mkono usiingie.
- Usiinue mashine kwa kushika ngoma.
- Watoto wadogo wakae barazani. Wanaipenda kwa sababu ya mlio wake, na ndiyo maana usiiache uwanjani hata unapokwenda kufungua geti.

MAJANI YAKISHAKUSHINDA

Umesafiri wiki tano za masika, umerudi, uwanja ni shamba. Usiingize mashine. Vichwa vya mbegu vilivyosimama juu ya vikonyo vitainama mbele ya ngoma na kuinuka nyuma yako, vimesimama vilevile kama hakuna aliyepita.

1. Fyeka, au mwite kijana mwenye fyekeo, hadi majani yabaki kama sm 8. Mwambie asishuke zaidi ya hapo. Wengi wao hujivunia kufika udongoni.
2. Kusanya vyote kwa reki.
3. Subiri siku nne au tano majani yasimame.
4. Weka mashine kwenye urefu wake wa juu kabisa na upite mara mbili, ya pili ikikatiza ya kwanza.
5. Shusha tundu moja kila baada ya mkato, hadi ufike urefu unaoutaka. Inaweza kuchukua wiki tatu.

DALILI NA DAWA

Majani yanalala bila kukatika: mara nyingi ni kisu cha chini kimeachana. Fanya jaribio la gazeti kabla ya kulaumu makali.

Ncha nyeupe au kahawia siku mbili baadaye: visu vinararua. Rekebisha, na isipopona, noa.

Mstari mmoja mwembamba kama uzi, haukatwi popote upitapo: kuna pengo kwenye kisu cha chini. Changu kilipata lake kwa kizibo cha soda. Lainisha kingo za pengo kwa tupa ndogo ili zisinase majani, halafu uzoee kuutazama mstari huo hadi siku ya kunoa.

Magurudumu yanateleza na ngoma imesimama: majani yana maji, au ni marefu mno, au umekaza visu kupita kiasi. Kagua kwa mpangilio huo.

Gurudumu moja linazunguka bure: kidole chake hakishiki. Fungua, safisha kwa mafuta ya taa, angalia kama kimewekwa kinyume. Fundi baiskeli ataelewa kabla hujamaliza kueleza.

Mabaka ya kahawia kwenye miinuko: umenyoa kipara. Pandisha urefu, na mwaga udongo mwepesi uliochekechwa kwenye mabonde ya jirani, kidogo kidogo, ncha za majani zikiendelea kuonekana.

KUNOA NYUMBANI

Mara moja kwa mwaka inatosha wengi wetu, tena kama gazeti limeshindikana kwa skrubu. Usiende na jiwe la kunolea kisu cha jikoni. Ngoma ina umbo la mviringo kamili, na ukinoa kisu kimoja zaidi ya mwenzake umeuharibu mviringo huo. Njia ya nyumbani ni kuvisaga visu kwa visu, kwa ile dawa ya kusagia valvu inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari.

1. Tandika kitambaa cheupe chini. Vua gurudumu la upande mmoja. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, kwa sababu kuna kipande kidogo cha chuma, kile kidole, ambacho hudondoka na kupotea.
2. Ondoa kigia kidogo na kidole chake. Sasa ngoma inaweza kuzunguka kinyumenyume. Awali kidole kilikuwa kinaizuia.
3. Paka dawa kwenye kingo za visu vya ngoma kwa brashi kuukuu.
4. Zungusha ngoma kinyumenyume kwa spana iliyoshika ncha ya ekseli. Mwanzo utasikia mkwaruzo mzito.
5. Mlio ukilainika, kaza skrubu za kisu cha chini kidogo mno, ongeza dawa, endelea. Acha pale kila kisu kitakapokuwa na ukingo unaong'aa mfululizo bila kukatika.
6. Osha dawa yote kwa mafuta ya taa na ufute. Yote kabisa. Ikibaki karibu na beringi itaendelea kusaga, safari hii ikila beringi zako.
7. Rudisha ulichovua ukifuata picha, kisha gazeti.

Kidole hicho kikirudishwa kinyume, ngoma itazunguka kinyumenyume ukivuta na kusimama ukisukuma. Nilikaa nusu saa nzima nikiishangaa.

KUHIFADHI

Ukimaliza, piga mashine chini mara moja taratibu majani yadondoke, sugua ngoma kwa brashi kavu na ufute visu kwa kitambaa chenye oili. Maji ya mpira usiyatumie. Yanaingia kwenye beringi na kukaa. Weka matone mawili ya oili kila mwisho wa ngoma, si zaidi, kwani oili nyingi inakusanya vumbi na kuwa tope jeusi. Oili ya cherehani inafaa.

Isilale juu ya udongo wala saruji yenye unyevu. Ya kwangu inaning'inia kwenye ndoano mbili nyuma ya mlango wa stoo, juu ya mahali mikono ya watoto inapofika. Kwenye mfuko wa plastiki pembeni yake kuna bisibisi, spana namba 13, brashi, na vipande vya gazeti vilivyokwisha chanwa.